Bukavu: Ukuta unaolia maji hauponywi kwa rangi

Mwezi wa 8, nyumba za kupanga mjini Bukavu huwa zinapendeza. Jua la kiangazi limekwisha kukausha udongo, mwenye nyumba amepitisha rangi mpya, na chumba cha nyuma kinanuka rangi badala ya uvundo. Mpangaji anatoa garanti, anaingiza vitanda na vyombo. Halafu mvua za mwezi wa 9 zinarudi. Ikifika mwezi wa 11, kando ya kitanda cha watoto, madoa meusi yameanza kuota kwenye ukuta ule ule uliokuwa mweupe. Rangi inafura na kubanduka, na nguo za kabatini zinatoa harufu ya gunia lililolala mvuani.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye nyumba anasema mpangaji hafungui madirisha, anapika ndani, anaanika nguo chumbani. Mpangaji anajibu kwamba nyumba ilikuwa mgonjwa tangu zamani, ila ilipakwa poda kabla ya kuonyeshwa wageni. Ukweli ni kwamba kila mmoja anaweza kuwa na haki kwa sehemu yake. Unyevu unaingia ndani ya nyumba kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina dawa yake na mtu wake wa kulipa. Anayenunua ndoo ya rangi kabla ya kujua maji yanatoka wapi anatupa pesa, na mwaka kesho atazitupa tena.

Mji uliochongwa ndani ya mlima

Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye ncha ya kusini ya ziwa Kivu. Mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Maana yake, kwa miezi 9 kati ya 12 ukuta uliolowa haupati nafasi ya kukauka vizuri. Usiku ni wa baridi, na hewa ya ziwani ina maji mengi.

Lakini hali ya hewa peke yake haielezi kila kitu. Tatizo kubwa la mji huu ni jinsi unavyojengwa. Katika komini ya Kadutu, na katika sehemu nyingi za Ibanda na Bagira, kiwanja tambarare ni kitu adimu. Anayetaka kujenga anachimba mlima, anapata ngazi ya mita chache, kisha anasimamisha nyumba akiisukuma mpaka nyuma kabisa ili asipoteze hata hatua moja ya ardhi aliyoinunua kwa bei kali. Ukuta wa nyuma unabaki umeegemea udongo. Wakati mwingine udongo unafika kwenye kimo cha madirisha, wakati mwingine unagusa karibu na mabati.

Ukuta kama huo unafanya kazi mbili, na moja kati ya hizo haukujengewa. Unabeba paa, na pia unazuia mlima. Mvua ikinyesha juu, maji yanashuka ndani ya udongo polepole, yanakutana na matofali, na matofali yanayanywa. Tofali la kuchoma au bloki ya simenti si kitu kigumu kama macho yanavyoona. Ndani yake kuna matundu madogo sana, na maji yanapita humo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa taa. Ndiyo sababu chumba cha nyuma, ambacho katika nyumba nyingi ndicho cha watoto au cha akiba ya unga na maharage, kinakuwa cha kwanza kuoza.

Kuna pia nyufa. Tetemeko la ardhi la tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008 lilipasua nyumba nyingi mjini, na matetemeko mengine yamefuata. Nyufa nyingi zilizibwa kwa simenti upande wa ndani tu, mahali ambapo mgeni angeziona. Upande wa nje, ambako mvua inapiga, ufa mwembamba kama unywele unatosha kuingiza maji masika yote.

Kusoma ukuta kabla ya kuutibu

Fundi mzoefu haanzi kwa mwiko. Anaanza kwa kuangalia madoa yako wapi, kwa sababu mahali pa doa panasema mengi.

Doa likianzia chini sakafuni na kupanda, likaishia kwenye mstari ulio chini ya mita moja hivi, maji yanatoka ardhini. Mara nyingi mstari huo una unga mweupe. Wengi wanaudhani kuwa ni ukungu, lakini ni chumvi ambayo maji yaliibeba kutoka kwenye udongo na simenti, kisha yakaiacha pale yalipokauka. Kuitambua ni rahisi: ukiitonesha maji kidogo, chumvi inayeyuka, ukungu hauyeyuki.

Doa likiwa juu, pembeni mwa dari, na likiongezeka siku za mvua, sababu ni bati lililotoboka, msumari uliolegea au maji ya paa yanayomwagika juu ya ukuta. Doa likishuka kwa mkanda mmoja ulionyooka, ufa au bomba lazima lifuatwe. Na doa likitapakaa ukuta mzima wa nyuma, bila mstari wa juu, mlima ndio unaosukuma.

Kuna aina ya nne, na hii ndiyo inayowapa wenye nyumba maneno. Ni vidoto vyeusi kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda, kandokando ya dirisha. Ukuta wenyewe haukulowa kwa ndani. Maji yametoka kwenye hewa ya chumba. Mtu mmoja aliyelala usiku mzima anatoa zaidi ya robo lita ya maji kwa pumzi na jasho. Watoto wanne katika chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa wanatoa lita nzima. Sufuria ya maharage inayochemka kwa saa tatu inaongeza yake, na beseni moja ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono, zikianikwa ndani kwa sababu ya mvua, inaweza kutoa lita mbili au zaidi. Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi, unatua hapo, na kugeuka maji. Ni jambo lile lile linalotokea chini ya mabati asubuhi, wakati matone yanaangukia dari hata kama usiku haikunyesha.

Kama macho hayatoshi kuamua, kuna jaribio lisilo na gharama. Unakata kipande cha plastiki inayoonyesha, upana wa sentimita 30 hivi kila upande. Unafuta ukuta kwa kitambaa kikavu, unabandika plastiki na kuziba pembe zote nne kwa utepe wa gundi, pasiwe na pumzi. Unaiacha siku moja au mbili. Maji yakionekana nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Yakionekana mbele, upande wa chumba, basi ni mvuke wa nyumbani. Jaribio hili lingemaliza ugomvi mwingi kati ya wapangaji na wenye nyumba kabla haujafika kwa shefu wa avenue.

Mfereji kwanza, na jirani wa chini asisahauliwe

Kwa ukuta unaoegemea mlima, dawa iko nje. Udongo unatakiwa kutenganishwa na nyumba. Kazi yenyewe ni kuchimba njia nyuma ya nyumba, yenye upana ambao mtu anaweza kupita, mpaka chini ya usawa wa sakafu, kisha kutengeneza mfereji wenye mteremko wa kuondoa maji. Mahali ambapo njia haiwezekani kubaki wazi, inajazwa mawe na kokoto ambazo maji yanapita haraka, na chini yake bomba lenye matundu linalotoa maji pembeni. Ukuta wa nje unapigwa plasta nzuri na kupakwa lami kabla ya mawe kurudishwa.

Hapa pana hatari ambayo mafundi wa bei rahisi hawaisemi. Kuchimba nyuma ya nyumba ni kukata mguu wa mlima. Katika mji ambao kila msimu wa mvua unasikia habari za udongo uliomeguka na kufunika watu, kazi hiyo haifanywi mwezi wa 11, haifanywi kwa urefu wote wa ukuta kwa siku moja, na haifanywi bila ukuta wa mawe wa kushika udongo unaobaki juu. Inafanywa kiangazi, kipande kwa kipande. Kama mlima ulio nyuma ni mrefu kuliko mtu, ni vema kumwita mtu anayejua udongo kuliko kumwamini kijana mwenye sururu.

Halafu kuna jirani wa chini. Maji yaliyoondolewa nyuma ya nyumba lazima yaende mahali fulani, na kule Kadutu mahali hapo mara nyingi ni paa au ukuta wa mtu mwingine. Mfereji unaomwagia jirani ni kuhamisha ugonjwa, na ndio pia unaochimba makorongo yanayokula njia za kartiye. Maji ya paa yana hadithi ile ile. Paa la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 20, linamwaga lita 1,000 ndani ya muda mfupi. Nyumba isiyo na mifereji ya bati kwenye ncha za paa inazimwaga chini ya msingi wake yenyewe. Pipa na mfereji wa bati vinagharimu kidogo kuliko kupaka rangi mara tatu, na katika mji ambao bomba linakauka mara kwa mara, maji hayo yana kazi.

Maji yanayopanda kutoka ardhini ni magumu zaidi kuyazuia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Wakati wa kujenga, kazi ni ndogo: karatasi ya lami au plastiki nene inatandikwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, na maji yanaishia hapo. Wengi wanairuka ili kuokoa pesa kidogo. Baadaye kinachobaki ni kushusha udongo unaogusa ukuta kwa nje, kuondoa maji yaliyosimama, na kukwangua plasta iliyooza ili ukuta upumue.

Kosa linaloonekana kila avenue ni kufanya kinyume: kupiga plasta nyingine ya simenti ngumu juu ya ukuta uliolowa, kisha rangi ya mafuta ili ukuta ung'ae na uweze kuoshwa. Simenti hiyo haiondoi maji, inayafungia. Yakikosa njia ya kutokea chini, yanapanda juu zaidi, na baada ya mwaka mmoja mstari wa chumvi unaonekana pale ambapo zamani palikuwa pakavu. Rangi ya mafuta inafura kama ngozi iliyoungua. Kwa ukuta kama huo, chokaa ya kienyeji ni bora kuliko rangi ya bei. Inaruhusu unyevu kutoka, na ukali wake haupendwi na ukungu. Haing'ai, ni kweli, na inaacha unga kwenye nguo za anayeuegemea.

Kuosha ukungu bila kujidhuru

Mpangaji ambaye hana uwezo wa kuchimba mlima bado anaweza kulinda watoto wake. Ukungu ni kitu chenye uhai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, ziko hewani kila mahali, na zikipata ukuta wenye maji zinaweza kuota ndani ya siku moja au mbili. Ukiukwangua ukiwa mkavu unazirusha chumba kizima.

Kwa hiyo ukuta unaloweshwa kwanza, unasuguliwa kwa maji ya sabuni na brashi, unafutwa, kisha unaachwa ukauke na dirisha likiwa wazi. Kwa ukuta wa simenti au wenye rangi, javeli inaweza kufuata, isizidi robo lita ndani ya lita nne za maji. Anayeosha avae glavu, afunike pua na mdomo, na watoto watoke nje. Javeli haichanganywi na siki, wala na dawa ya kuosha choo, wala na kitu chochote chenye amonia: mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu. Inafaa pia kujua kwamba javeli inang'arisha doa kwa juu tu. Kama maji yanaendelea kuja kwa nyuma, doa litarudi. Ukungu ukiwa umefunika zaidi ya mita moja ya mraba, kuosha peke yake ni kazi ya bure, na godoro, kartoni au tripleksi iliyoingiwa mpaka ndani inatupwa.

Kuhusu mvuke wa nyumbani, mambo madogo yanasaidia kuliko wengi wanavyoamini. Kitanda na kabati visogezwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Dirisha na mlango vifunguliwe pamoja asubuhi, hata dakika 15, ili hewa ipite. Sufuria ifunikwe. Nguo zianikwe chini ya baraza. Na yale matundu ya hewa ambayo wajenzi wa zamani waliyaacha juu ya madirisha yasizibwe kwa magazeti. Yalikuwa na sababu.

Kuna desturi moja inayopaswa kuachwa leo: kuingiza mbabula ya makala chumbani ili kukausha ukuta au kupasha chumba joto usiku. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki kuisikia. Hakuna ukuta unaostahili bei hiyo.

Kikohozi kisichoisha

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wako katika hatari kubwa zaidi ya pumu, maambukizi ya njia ya hewa na mizio. Watoto wadogo, wazee na wenye pumu ndio wanaoumia kwanza. Katika familia nyingi kikohozi hicho kinaitwa cha baridi tu, na mtoto anarudishwa kila mwezi kwenye kituo cha afya huku akiendelea kulala kwenye pembe ile ile. Dalili ya kuangalia ni hii: mtoto anapumua vizuri akiwa kwa bibi yake, na kikohozi kinaanza tena usiku wa kwanza akirudi nyumbani. Daktari aambiwe habari hiyo, asiachwe aikisie.

Si Bukavu peke yake. Goma, nyumba nyingi ni za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkano, na nyingi zilijengwa upesi baada ya Nyiragongo kuteketeza sehemu ya mji mwezi wa 1 mwaka 2002. Lava inapitisha maji haraka, kwa hiyo shida ya udongo ni ndogo. Lakini kwa ndani kuta zinafunikwa kartoni, vitambaa au maturubai, na ukungu unaota nyuma yake bila kuonekana. Kisangani ni hadithi nyingine tena: karibu na ikweta, joto mchana na usiku, hewa ya nje yenyewe imejaa maji. Kule kufungua dirisha usiku wa mvua hakukaushi kitu, na viatu vya ngozi vinaota ukungu ndani ya sanduku. Kinachosaidia ni hewa inayotembea wakati wa jua, na paa refu linalozuia mvua kupiga ukuta.

Nani analipa

Sheria za Congo hazikumwacha mpangaji mikono mitupu. Tangu amri ya mwaka 1888 kuhusu mikataba, mwenye nyumba ana wajibu wa kumkabidhi mpangaji nyumba iliyo katika hali nzuri na kuitunza ili iweze kukaliwa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 kuhusu upangaji ikaongeza kwamba garanti ya nyumba ya kuishi haipaswi kuzidi miezi mitatu ya kodi. Ukuta unaolowa kwa sababu ya mlima, msingi au paa ni mzigo wa mwenye nyumba. Vidoto vya mvuke nyuma ya kabati ni vya anayekaa ndani.

Shida ni ushahidi. Wapangaji wengi wanaingia bila karatasi ya état des lieux, kisha siku ya kutoka garanti yao inakatwa kwa sababu ya doa walilolikuta. Picha za simu za kila chumba, zilizopigwa siku ya kwanza, pamoja na karatasi iliyotiwa sahihi na pande mbili, zinabadilisha mazungumzo.

Kwa mwenye nyumba anayetaka kumaliza jambo hili, kalenda ni fupi. Ukuta uliolowa unakauka polepole, kwa makadirio ya mafundi sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi, na ukuta wa tofali una sentimita 15 au 20. Mfereji unatakiwa kuchimbwa mara tu mvua zinapokatika mwezi wa 6, plasta iliyooza ikwanguliwe wiki ile ile, na ukuta ubaki uchi kiangazi chote. Kupaka rangi mwezi wa 8 ni mapema mno kwa kuta nyingi.

Na kwa anayetafuta nyumba katika mwezi huo huo wa 8, ziara isiishie sebuleni. Apite nyuma ya nyumba aone udongo unafika wapi. Agonge plasta ya chini kwa kidole: ikitoa sauti tupu, imekwisha kuachana na tofali. Avute kabati, anuse. Na kabla ya kutoa garanti, amsalimie mama wa nyumba ya jirani na kumuuliza wapangaji waliopita walihama mwezi gani.